Sura ya Tano: Kelele na Daftari la Mauzo

Zawadi ilikuwa pajama. Tarehe 22 Novemba 2011 shirika la ndege la Australia, Qantas, liliwaalika watu waeleze kwenye Twitter safari ya anasa wanayoiota, waambatanishe hashtegi ya #QantasLuxury, na washindi wajinyakulie pajama za daraja la kwanza pamoja na kijimkoba cha vikorokoro vya kujipamba. Mashindano ya namna hii hufanyika kila wiki mahali fulani duniani na hakuna anayeyakumbuka. Hili linakumbukwa kwa sababu ya kalenda. Oktoba 29, wiki tatu na ushei kabla, Qantas hiyohiyo ilikuwa imezuia ndege zake zote zisiruke kutokana na mgogoro na vyama vya wafanyakazi, abiria kwa maelfu wakakwama viwanjani. Mazungumzo ya kumaliza mgogoro yalikuwa yamevunjika siku moja tu kabla ya shindano kutangazwa.

Watu wakajibu walichoulizwa. Anasa? Ndege kuondoka siku iliyoandikwa kwenye tiketi. Anasa? Mzigo kufika ulikofika mwenyewe. Kwa saa chache hashtegi ile ikageuka kuwa kitabu cha malalamiko kinachosomwa na nchi nzima, na aliyekifungua, akakipamba na kukiwekea zawadi ni mlalamikiwa mwenyewe.

Januari iliyofuata ikawa zamu ya McDonald's. Kampuni ililipia nafasi kwenye orodha ya mada zinazotrendi Twitter ili kusambaza habari njema za wakulima wanaoiuzia mazao. Ilianza vizuri, chini ya hashtegi ya #MeetTheFarmers. Baadaye siku hiyohiyo wakaingiza nyingine, #McDStories. Hapo mlango ukawa wazi kwa kila mwenye lake la kusimulia, na waliokuwa na la kusimulia kuhusu wakulima hawakuwa wengi. Zikaja habari za matumbo kuchafuka, za vitu vilivyokutwa ndani ya chakula, za watu walioapa hawatakanyaga tena pale. Ndani ya saa mbili kampuni iliiondoa.

Rick Wion, aliyekuwa akisimamia mitandao ya kijamii ya McDonald's, alijitetea kwa takwimu ambayo wengi waliipita haraka. Siku ile, alisema, McDonald's ilitajwa Twitter zaidi ya mara 72,000, na hashtegi iliyoharibika ilikuwa asilimia 2 tu ya hizo. Utetezi wa aliyekamatwa, bila shaka. Lakini naona aligusa jambo ambalo watu wa masoko hawapendi kuligusa. Kuna daftari la kelele na kuna daftari la mauzo. Wanaouza huduma za mitandao wangependa tuamini ni daftari moja: laiki zikiongezeka fedha inaongezeka, matusi yakizidi hasara inazidi. Ukizipitia kesi za kampuni kubwa moja baada ya nyingine, unaona madaftari haya hayasomani kama tunavyoambiwa, na pale yanaposomana huwa kuna sababu unayoweza kuinyooshea kidole.

Chukua kisa ambacho hakikosi kwenye semina yoyote ya masoko, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Toronto. Machi 31, 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, na bendi yake walikuwa wakisafiri na United Airlines kutoka Halifax kwenda Omaha, kupitia Chicago. Ndege ilipotua O'Hare, abiria wa viti vya nyuma alichungulia dirishani akasema kwamba huko nje wanarusha magitaa. Gitaa la Carroll, aina ya Taylor, thamani yake dola 3,500, lilikutwa limevunjika. Kulitengeneza kuligharimu dola 1,200. Alifuatilia fidia kwa miezi kadhaa, akirushwa kutoka ofisi hii hadi ile, na mwisho akaambiwa alichelewa: alitakiwa kulalamika ndani ya saa 24. Akamwahidi mfanyakazi wa mwisho aliyemnyima kwamba ataandika nyimbo tatu na kuziweka YouTube. Wa kwanza ulipanda Julai 6, 2009, na ulitazamwa na mamilioni. United ikamtafuta yenyewe.

Kwenye semina kisa hakiishii hapo. Utaambiwa wimbo huo uliangusha hisa za United kwa asilimia 10, hasara ya dola milioni 180, na ukumbini watu watashusha pumzi. Ni hesabu tamu, na haina mashiko. Mwaka 2009 hisa za mashirika ya ndege zilikuwa zikipanda na kushuka kwa bei ya mafuta na mdororo wa uchumi, na ilipofika mwisho wa Desemba hisa ya United ilikuwa na bei zaidi ya mara mbili ya ile ya wiki wimbo ulipotoka. Hakuna anayesema kwamba wimbo ndio ulioipandisha.

Miaka minane baadaye, uwanja uleule wa O'Hare, shirika lilelile. Aprili 9, 2017 maofisa wa usalama wa uwanja walimburuta daktari David Dao kutoka kwenye kiti alicholipia, uso unavuja damu, ili kupisha wafanyakazi wa shirika waliotakiwa kufika Louisville. Abiria walikuwa wameshika simu. Mkurugenzi mkuu, Oscar Munoz, kwanza aliomba radhi kwa lugha ya kiofisi, akizungumzia wateja waliolazimika "kupangiwa upya" safari, kisha barua yake kwa wafanyakazi ikavuja, na humo abiria ndiye aliyekuwa mkorofi. Radhi yenyewe ilikuja siku mbili baada ya tukio. Hisa zilitikisika, vichwa vya habari vikahesabu mabilioni yaliyoyeyuka, na wiki chache baadaye zilikuwa zimerudi juu. Abiria waliendelea kupanda. Wangekwenda wapi? Mashirika manne tu ndiyo yanayobeba takriban watu wanne kati ya kila watano wanaosafiri kwa ndege ndani ya Marekani, na kwenye njia nyingi mtu hana hata hayo manne ya kuchagua. Kilichobadilika ni kanuni: United ilimlipa Dao kwa makubaliano ambayo hayakutangazwa, na ikapandisha hadi dola 10,000 kiwango cha juu cha fidia kwa abiria anayekubali kuachia kiti. Hasira ya mtandaoni haikuwaondoa wateja lakini iliandika upya ukurasa mmoja wa mwongozo wa kazi. Sijui kama mwanahisa anauona huo kuwa ushindi au hasara. Abiria anayeachia kiti anaujua.

Sasa tuingie kwenye bia. Aprili 1, 2023 Dylan Mulvaney, mtu maarufu wa TikTok aliyebadili jinsia, aliweka Instagram video fupi akiitangaza Bud Light, akiwa na kopo lenye picha ya uso wake alilotumiwa na kampuni kama zawadi. Halikuwa tangazo la televisheni wala bango la barabarani. Lilikuwa posti moja kwenye akaunti ya mtu mmoja, kitu ambacho kampuni kama Anheuser-Busch hufanya mara nyingi bila bodi kujua. Wahafidhina wakaja juu, wakasusia. Mkuu wa kampuni hiyo Marekani alipotoa taarifa wiki mbili baadaye, maneno yake yalikuwa ya mviringo kiasi kwamba waliosusia hawakuridhika na waliomtetea Mulvaney wakaona wametelekezwa. Mauzo ya Bud Light yalishuka kwa karibu robo, na kufikia Juni bia iliyokuwa ikiongoza Marekani kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepitwa na Modelo Especial.

Kwa nini posti moja iliweza ambacho damu ya daktari haikuweza? Jibu liko kwenye friji ya duka. Mnywaji wa Bud Light akitaka kuonyesha hasira yake anasogeza mkono kidogo tu kulia. Bia ya jirani ina bei ileile, baridi ileile, na wengi wakifumbwa macho hawataitofautisha. Hasira haimgharimu kitu, na kila mtu baa anaona kopo aliloshika. Tiketi ya ndege haiko hivyo, wala laini ya simu yenye namba unayojulikana nayo na M-Pesa ya miaka kumi. Kampuni mama ya Bud Light ni AB InBev, ambayo tangu 2016 ndiyo pia mwenye hisa nyingi wa TBL hapa Tanzania, na nadhani somo la Marekani lilisomwa hadi Ilala: kinachoilinda bia sokoni ni mazoea, na mazoea hayana mkataba.

Hilo ni upande wa mteja. Kuna upande wa pili, ambao ni ukweli wa kinachosemwa, na hapa kisa cha Nestlé bado hakijapata mpinzani. Machi 17, 2010 Greenpeace walitoa video ya dakika moja hivi: mfanyakazi wa ofisini aliyechoka anafungua Kit Kat, ndani badala ya chokoleti kuna kidole cha sokwe aina ya orangutani, anakitafuna, damu inamwagika juu ya kibodi, wenzake wanakodoa macho. Madai yalikuwa kwamba Nestlé inanunua mafuta ya mawese yanayotoka Sinar Mas ya Indonesia, na kwamba misitu wanamoishi wanyama hao inafyekwa kupisha michikichi.

Nestlé ilifanya ambacho wakili yeyote angeshauri. Iliiomba YouTube iondoe video kwa kigezo cha hakimiliki, na YouTube ikaiondoa. Greenpeace wakaipandisha kwingine na kutangaza kwamba wamezibwa mdomo, na watu ambao wasingeitafuta hata siku moja wakaanza kuitafuta. Kisha vita ikahamia Facebook. Watu walibadilisha picha zao za wasifu wakaweka nembo ya Kit Kat iliyoandikwa upya kuwa "Killer", yaani muuaji, wakajaa kwenye ukurasa wa kampuni. Aliyekuwa zamu kwenye ukurasa huo, hadi leo hajulikani kwa jina, akatangaza kwamba komenti yoyote yenye nembo iliyochezewa itafutwa. Mtu mmoja akahoji: nembo isichezewe, misitu je? Msimamizi akaanza kujibizana. Akamshukuru mmoja kwa kejeli kwa kumfundisha adabu, akamkumbusha kwamba ukurasa ni wa kampuni na kanuni wanaweka wenyewe. Majibu hayo yalipigwa picha za skrini na kuzunguka dunia kabla hajamaliza zamu. Baadaye aliandika kuomba radhi kwa kufuta komenti na kwa ukali wake, lakini wakati huo magazeti yalikuwa yameshaandika.

Kila mwalimu wa masoko anakisimulia kisa hiki kama somo la adabu mtandaoni: usifute, usijibizane, usijifanye mwenye nyumba. Sawa. Lakini hata kama msimamizi yule angekuwa na ulimi wa asali, mafuta yangebaki kuwa mafuta. Kilichoibana Nestlé ni kwamba madai yalikuwa na miguu. Mei mwaka huohuo, miezi miwili tu baadaye, ilitangaza kushirikiana na shirika la The Forest Trust kukagua wanaoiuzia mawese na kuwaondoa wanaohusika na ukataji wa misitu. Kelele ziliingia kwenye daftari la ununuzi, hatua moja kabla ya la mauzo.

Kwa mwenye kampuni, basi, yapo maswali mawili yanayotangulia hesabu za laiki. Wanachokisema ni kweli? Na je, mteja ana pa kukimbilia kwa urahisi? Domino's Pizza ni mfano wa kampuni iliyokuwa na jibu baya kwa yote mawili na bado ikatoka ikiwa na faida. Aprili 2009 wafanyakazi wawili wa tawi moja la Conover, North Carolina, walijirekodi wakichafua chakula kwa namna ambayo sitaieleza kwa anayesoma akila. Zaidi ya watu milioni moja waliiona ndani ya siku chache. Makao makuu yalianza kwa kunyamaza, yakitumaini itapita. Ilipokataa kupita, Patrick Doyle, mkuu wa Domino's Marekani, alikaa mbele ya kamera na kuomba radhi palepale YouTube uchafu ulipoanzia. Video yenyewe ilikuwa ya kawaida, macho yake yakikimbia pembeni kana kwamba anasoma. Ilitosha.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Kampuni ilianza kusoma kwa makini ilichokuwa ikiambiwa na wateja kwa miaka, na haikuwa habari ya wale vijana wawili. Watu walisema kitako cha pizza kina ladha ya boksi. Walisema sosi ni kama tomato ya chupa. Desemba 2009 Domino's ilirusha matangazo ikiyaonyesha malalamiko hayo wazi, wapishi wake wakiyasikiliza kwa nyuso za msibani, kisha ikatangaza kwamba imebadilisha unga, sosi na jibini. Robo ya kwanza ya 2010 mauzo ya maduka yake ya Marekani yaliyokuwepo mwaka uliotangulia yalipanda kwa asilimia 14.3. Mwaka 2011 ikakodi bango la Times Square, New York, likawa linaonyesha maoni ya wateja, mazuri na mabaya. Wengi wameiga ule ujasiri wa kujikosoa, wakasahau kwamba mapishi yalibadilika kwanza. Bila pizza mpya, lile tangazo lingekuwa ushahidi wa mashtaka.

Hii ndiyo faida ya mitandao ambayo haionekani kwenye ripoti za wakala: zamani kampuni ililipa watafiti waende mlango kwa mlango kuuliza watu wanaonaje sabuni, sasa watu wanasema bila kuulizwa, bila malipo, saa sita usiku, na kwa lugha ambayo dodoso halijawahi kuipata. Wachache wanaitumia.

Kuna na faida inayoonekana. Old Spice, marashi na sabuni za wanaume za kampuni ya Procter & Gamble, ilikuwa imeanza kunuka ubabu. Februari 2010 likatoka tangazo la televisheni la Isaiah Mustafa, kifua wazi, taulo kiunoni, akiongea na akina mama kuhusu waume zao. Julai wakala wa Wieden+Kennedy ulimfungia Mustafa studio mjini Portland pamoja na waandishi na mafundi wa mitandao. Walichagua maswali ya watu kutoka Twitter, Facebook na kwingineko, wakaandika jibu, wakalirekodi, wakalipandisha, wakaenda swali lingine. Katika siku mbili na kitu walitengeneza video zaidi ya 180. Walijibu watu mashuhuri, wakajibu na wasiojulikana. Mmoja aliomba amsaidie kumchumbia mpenzi wake. Mustafa akachumbia kwa niaba yake, na binti akakubali. Mauzo yalipanda sana msimu ule, ingawa wakati huohuo P&G ilikuwa imesambaza kuponi za punguzo, kwa hiyo taulo lisipewe sifa zote.

Angalia kilichofanyika pale Portland. Watu walioruhusiwa kuamua walikuwa chumba kimoja na watu walioandika. Hakuna jibu lililopelekwa kwa mwanasheria likarudi Alhamisi. P&G iliwaamini. Kampuni nyingi hufanya kinyume: akaunti yenye wafuasi milioni inaachiwa kijana wa mafunzo kazini asiye na ruhusa ya kurudisha hata shilingi elfu ya mteja, kisha wanashangaa majibu yake yanafanana na ya mashine.

Shuka chini ya tangazo lolote la kampuni ya simu nchini kwetu uone. Juu, picha inang'aa, msanii anacheka, ofa ya wikendi. Chini: "Bando langu la wiki limeisha siku mbili, mmelifanya nini?" "Rudisheni hela yangu." "Mtandao Mbagala hakuna tangu jana." Na chini ya kila moja, neno kwa neno: "Habari ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali tutumie namba yako ya simu inbox tukuhudumie." Ndugu mteja anajibu kwamba ameshatuma tangu asubuhi. Anaambiwa tena atume inbox. Aprili 2, 2021, siku ya Ijumaa Kuu, mabando mapya yalipoanza na bei kupanda, sehemu za komenti za kampuni za simu zilifurika. Ingawa kanuni zilizoleta mabadiliko hayo zilitoka kwa mdhibiti, TCRA, waliopokea matusi ni wale vijana wa "ndugu mteja", maana ndio waliokuwa na ukurasa uliofunguliwa. Serikali iliagiza utaratibu wa awali urejee. Katika nchi ambazo ofisi ya malalamiko ina foleni na simu ya huduma kwa wateja inapiga muziki, tangazo ndilo dirisha pekee lililo wazi, na watu watapitisha kila kitu hapohapo. British Airways waliionja hiyo Septemba 2013: abiria aliyekasirishwa na mzigo uliopotea wa baba yake alinunua tangazo Twitter kwa fedha zake ili kuwashtaki kwa wateja wengine, na shirika, lililochelewa kwa saa kadhaa, likajibu kwamba akaunti yake hufanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Njia mojawapo ya kukwepa dirisha hilo ni kumkodi mtu mwingine aseme kwa niaba yako. Afrika Mashariki biashara hii ina msamiati wake kamili, kuanzia balozi hadi chawa, na ina kodi yake: Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, inakata asilimia 5 ya malipo ya watengeneza maudhui. Ina uvundo wake pia. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walionyesha jinsi vijana wa Kenya walivyokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni kuifanya hashtegi itrendi, maelekezo wakipewa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kazi waliyochunguza ilikuwa ya kisiasa, lakini mitambo hiyo haibagui mnunuzi. Kampuni inayolipia kutrendi Nairobi inaweza kuwa inanunua kelele za vijana thelathini wenye akaunti mia tatu. Unilever, hiyohiyo ya Omo na Royco, ilitangaza mwaka 2018 kwamba haitafanya kazi na mabalozi wanaonunua wafuasi. Walikuwa na sababu ya kuhesabu upya.

P&G walihesabu mapema zaidi. Katika robo moja ya mwaka 2017, Aprili hadi Juni, walikata zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya kidijitali, wakilalamika kwamba mengi yanaonwa na roboti au yanakaa kando ya maudhui machafu. Mauzo hayakutetereka. Nalirudia kwa sababu ni kampuni ileile ya Old Spice: milioni 100 zilitoweka na mauzo yakabaki palepale. Anayetaka kujua madaftari mawili yanavyoweza kukaa bila kujuana, aanzie hapo.

Na bado wanarudi, kwa sababu mwenye nyumba amewabana. Kampuni zilipojenga kurasa Facebook miaka ya mwanzo, ziliambiwa wafuasi ni mali yao. Wakala wa Ogilvy ulipopima mwaka 2014, posti ya kampuni ilikuwa inawafikia asilimia 6 tu ya wafuasi wake, kutoka asilimia 12 miezi michache nyuma. Waliobaki wanafikiwa kwa kulipia. Julai 2020 zaidi ya makampuni 1,000, Unilever na Coca-Cola wakiwemo, yalisusia kutangaza Facebook kupinga kauli za chuki. Mwaka huo mapato ya Facebook yalikua kwa asilimia 22, yakakaribia dola bilioni 86. Ilikuwa na watangazaji zaidi ya milioni nane, wengi wao maduka madogo na mafundi, na wakubwa 100 wa juu kabisa walichangia takriban asilimia 6 tu ya mapato ya matangazo. Kwenye televisheni kampuni kubwa ikikunja uso, meneja wa stesheni hapati usingizi. Huku ni mpangaji mmoja kati ya milioni nane.

Lush, kampuni ya sabuni na vipodozi ya Uingereza, ilijaribu kuhama. Mwaka 2019 tawi la Uingereza lilifunga akaunti zake, janga la korona likairudisha, na Novemba 26, 2021 ikafunga tena, safari hii duniani kote: Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, ikieleza wasiwasi juu ya afya ya akili ya vijana. Mwanzilishi, Mark Constantine, alisema yuko tayari kupoteza pauni milioni 10. Mamilioni ya wafuasi waliachwa kwenye kurasa zisizojibu tena. Akaunti za YouTube na Twitter hawakuzifunga.